Tangazo la dawa za nguvu za kiume: nilichambueje mbele ya vijana?

Mwezeshaji_Tanga
Wakuu, naandaa kipindi cha saa moja na vijana wa bodaboda kuhusu matangazo ya dawa za nguvu za kiume. Sitaki kuwahubiria. Nataka waone wenyewe jinsi hofu inavyotengenezwa, kisha ikauzwa. Nianzie wapi?

Kalamu Nyekundu
Mkuu, chapisha tangazo moja la WhatsApp, uwagawie na kalamu. Kwanza wapigie mstari dalili. Watakuta uchovu, mawazo, usingizi wa mang'amung'amu, kuwahi kufika kileleni. Hakuna mwanaume asiye na mojawapo, kwa hiyo kila anayesoma ameshakuwa mgonjwa. Kisha watafute kipimo. Likiahidi dakika 40, waulize: nani aliipanga hiyo 40? Utafiti uliotoka 2005, ambao jozi zipatazo 500 za wenza wa nchi tano walijipima kwa saa, ulikuta muda wa katikati wa tendo (nusu yao chini yake, nusu juu yake) ni dakika 5.4.

Mwisho wazungushie duara "siri yako tunaitunza". Hapo usiwe na haraka, maana ndipo biashara yote iliposimama. Aliyelizwa hadai fedha zake, kwa sababu kulalamika ni kutangaza kwamba yeye si dume. Aibu iliyompeleka kwa muuzaji ndiyo inayomziba mdomo. Akirudi kusema haikufanya kazi, anaambiwa tatizo lake ni sugu, anunue dozi kubwa zaidi.

Mzee wa Kikoi
Waonyeshe pia kwamba kipimo cha uanaume hakikushuka kutoka mbinguni. Morani wa Kimaasai husuka nywele ndefu, akazipaka ngeu, ule udongo mwekundu, na kuvaa shanga, na hakuna anayemtilia shaka. Huku Pwani mwanaume hufunga kikoi na kujifukiza udi. Wafanyabiashara wanalijua hili siku nyingi. Marlboro ilianza kuuzwa Marekani miaka ya 1920 ikiwalenga wanawake. Katikati ya miaka ya 1950, habari za saratani zilipowatisha wavutaji, kampuni ilitaka wanaume wavute sigara yenye kichungi, kitu walichokiona cha kike. Ikamweka mchunga ng'ombe kwenye picha, na wanaume wakanunua.

Mfamasia wa Zamu
Ndugu Mwezeshaji, tenga dakika 15 za usalama. Unga wa "mizizi tupu" unaofanya kazi ndani ya saa moja, ukaleta kichwa kuuma, uso kuwaka moto na pua kuziba, una uwezekano mkubwa wa kuchanganywa na sildenafili, dawa iliyomo kwenye Viagra. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, imeshatoa tahadhari nyingi kuhusu bidhaa za namna hiyo. Kidonge halali huwa cha miligramu 25, 50 au 100, mara moja tu kwa saa 24. Kwenye unga hujui umemeza kiasi gani. Anayetumia dawa ya moyo ya jamii ya naitreti, kama ile ya kuweka chini ya ulimi, presha yake inaweza kuporomoka hadi akafa. Uume ukisimama zaidi ya saa nne, aende hospitali saa hiyohiyo, asisubiri kukuche.

Na tatizo likiwepo kweli, likadumu miezi mitatu, apimwe sukari, presha na kolesteroli. Mishipa ya uume ni myembamba kuliko ya moyo, hivyo ugonjwa wa mishipa unaweza kujionyesha huko miaka kadhaa kabla ya kifua kuuma. Muuzaji wa mtandaoni hampimi mteja presha, wala hamuulizi anatumia dawa gani nyingine.