Kiwanja Ife au Modakeke: muulizeni muuzaji isakole inakwenda kwa nani

Mratibu wa kundi

Wapendwa, salaam. Swali limetoka kwa familia moja ya mseto: mke Mtanzania, mume Mnijeria wa asili ya Modakeke, wote wako Uingereza. Wameonyeshwa viwanja viwili kwa simu, kimoja pembezoni mwa Ile-Ife, kingine upande wa Modakeke. Dalali anasema "karatasi zote zipo". Wanauliza kama ule ugomvi wa zamani wa ardhi kati ya Ife na Modakeke bado unamgusa mnunuzi, nani asaini, na jina la nani liandikwe. Wanaoijua Osun, jimbo la Nigeria lenye miji hiyo, karibuni. Yaliyowahi kumkuta mtu tuyaweke kando, tujibu swali.

Jibu: mjumbe wa Ibadan (sheria ya ardhi)

Dada na shemeji, mmefanya vizuri kuuliza kabla ya kutuma pesa.

Ugomvi unamgusa mnunuzi, na unamgusa kupitia neno moja: isakole, kodi ya ardhi ya kimila. Modakeke ni mji wa wakimbizi wa Oyo waliokimbilia Ife dola yao ilipovunjika katika karne ya 19. Ooni (mfalme wa Ife) Abeweila akawatengea makao yao miaka ya 1840. Wenyeji na wageni wakapigana 1849, wakapigana tena 1882. Mkataba wa 1886, uliokusudiwa kumaliza vita vya Kiriji vya Wayoruba wenyewe kwa wenyewe, ulitaka watu wa Modakeke wahame. Walihamishwa 1909, wakaruhusiwa kurudi mwaka 1922. Kwa familia za Ife, hao waliorudi ni wapangaji wa kimila. Wenyewe Modakeke hawakubali kuitwa wapangaji katika mji walikozika babu zao.

Isakole ndiyo kodi ambayo mlimaji huipeleka kwa familia yenye ardhi. Zamani ilikuwa zawadi ya mazao, viazi vikuu na kadhalika. Kakao ilipoanza kuleta pesa, kodi ikadaiwa kwa kakao, na hapo ndipo uchungu ulipokolea. Miaka ya 1940 ilikuwa kesi na vurugu. Sheria ya Matumizi ya Ardhi ya 1978 ilipoweka ardhi yote ya jimbo mikononi mwa gavana, wakulima wengi wa Modakeke walisema isakole imekufa: mwenye ardhi sasa ni gavana, familia za Ife zinadai nini? Hoja inavutia, lakini Mahakama ya Juu iliikataa. Katika kesi ya Abioye dhidi ya Yakubu, mwaka 1991, majaji walisema sheria ile haikumgeuza mpangaji wa kimila kuwa mwenye mali, wala haikuifuta familia iliyomkaribisha.

Waliotoka Uganda watalielewa haraka wakifikiria ardhi ya mailo, mwenye kibanja anayekaa juu yake, na busuulu, kodi anayomlipa mwenye ardhi. Wahaya watakumbuka nyarubanja, mfumo wao wa wapangaji na mabwana ardhi, ila ule ulifutwa kwa sheria miaka ya 1960. Nigeria haikufanya hivyo.

Kwa mnunuzi maana yake ni hii. Mpangaji wa kimila anaweza kukaa vizazi na vizazi, lakini hawezi kuuza ardhi bila idhini ya familia yenye ardhi. Akiuza, au akikana kwamba wao ndio wenye ardhi, wanaweza kuiomba mahakama imnyang'anye haki yake ya kukaa. Mnunuzi anabaki na risiti nzuri ya mtu ambaye hakuwa na cha kuuza. Mashamba ya pembezoni yanayokatwa viwanja ndiyo yenye hatari hiyo kuliko yote.

Kwa hiyo maswali matatu kwa muuzaji, na majibu yaandikwe: ardhi hii ni ya familia ipi kwa asili? Nani amekuwa akipokea isakole yake, na mara ya mwisho ilitolewa lini? Kama haijawahi kutolewa, familia yenu iliipataje: kwa vita, kwa zawadi, kwa kununua, au kwa kuwa wa kwanza kufyeka msitu? Mwenye ardhi yake hulijibu hilo la tatu papo hapo, na majina ya babu anayajua.

Halafu mseme na familia nzima. Ardhi ya familia huuzwa na mkuu wa familia, mogaji au olori ebi, pamoja na wakuu wa matawi. Wanafamilia wakiuza bila mkuu, mauzo ni batili tangu mwanzo. Mkuu akiuza bila wakuu wa matawi, mauzo yanasimama mpaka wao wayapinge mahakamani, na wanaweza kushinda. Msikubali kusaini na "kijana wa familia" peke yake, hata awe mkarimu namna gani. Wote wasaini hati ya mauzo, kila mmoja na picha yake, na mashahidi wa upande wenu wawepo.

Jibu: mjumbe wa Osogbo (upimaji)

Naongezea ya ardhini, maana wakili akimaliza karatasi bado kuna mawe.

Kwanza ukubwa. "Plot moja" si kipimo cha sheria. Kusini-magharibi utakuta futi 50 kwa 100, kama mita za mraba 465, au futi 60 kwa 120, kama mita za mraba 669. Kwa bei ileile mmoja anapata theluthi moja na ushee pungufu ya mwenzake… nisahihishe, tofauti ni mita za mraba 204, yaani karibu asilimia 30 ya kile kikubwa. Andikeni vipimo, msiandike "plot".

Pili, ramani ya upimaji iwe ya mpimaji aliyesajiliwa. Nakala moja, ile inayoitwa nakala nyekundu, huwekwa katika ofisi ya Mpima Mkuu wa jimbo, Osogbo, makao makuu ya Osun. Mwambieni muuzaji alete uthibitisho kwamba iliwekwa. Namba za mawe ya mipaka zilizo kwenye ramani zilingane na zilizochongwa kwenye mawe yenyewe. Mtu aende, ayafukue, apige picha moja moja. Kisha mpimaji wenu, si wa muuzaji, achukue viwianishi upya na kuviweka juu ya ramani kuu ya jimbo ili kujua kama kiwanja kimeangukia ardhi iliyotwaliwa na serikali. Nenda rudi hiyo inaokoa watu kuliko kitu kingine chochote.

Kosa ninaloliona mara kwa mara kwa walio ughaibuni: wanachukua namba za kwenye ramani na kuzitia kwenye ramani ya simu. Ramani za huko kwa kawaida hutumia mfumo wa viwianishi wa Nigeria uitwao Minna, kanda ya 31, na simu inatumia mfumo mwingine. Usipogeuza, kiwanja kinahama kwa makumi ya mita. Kwingine ungecheka. Lakini Ife na Modakeke zimeshikana nyumba kwa nyumba, mgeni hajui moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi, na makumi ya mita yanatosha kukuweka kwa familia nyingine kabisa, tena ya upande wa pili.

Jibu: mjumbe wa Abuja (utawala)

Shikamooni wakubwa. Nijibu la halmashauri, kwa sababu dalali hulitumia kupandisha bei.

Tangu Jamhuri ya Pili (1979–1983), Modakeke walidai halmashauri yao wenyewe. Damu ilimwagika 1981, ikamwagika tena 1983. Serikali ya kijeshi ya Jenerali Abacha ilipounda halmashauri mpya mwaka 1996, Ife East ilikuwamo. Modakeke waliitarajia iwe yao, makao makuu yakaishia upande wa Ife, na mwaka 1997 mapigano yakaanza. Yaliendelea mpaka 1998, yakarudi 2000. Rais Obasanjo akaunda kamati chini ya Olabode George, na suluhisho lililopatikana baadaye ni ofisi ya eneo ya Ife East iliyowekwa Modakeke. Ndiyo maana mtasikia Osun ina halmashauri 30 "na ofisi ya Modakeke".

Mtu wa mbali anaweza kushangaa watu kufia jengo la ofisi. Hesabuni kinachopita humo. Katika mgawanyo wa mapato ya shirikisho, asilimia 20.60 ni ya halmashauri, na hukumu ya Mahakama ya Juu ya Julai 2024 ilisema fedha hizo ziende kwao moja kwa moja. Chini ya sheria ya 1978, ardhi isiyo ya mjini hutolewa haki ya ukaaji ya kimila na halmashauri, hadi hekta 500 kwa kilimo. Na halmashauri ndiyo hutoa cheti cha asili. Anayeshika ofisi hiyo ana kauli juu ya nani ni mwenyeji.

Kwa hiyo tahadhari mbili. Dalali akiwaambia "Modakeke inapata halmashauri kamili mwaka huu, nunueni sasa", mwulizeni imefika hatua ipi ya kifungu cha 8 cha katiba. Ombi liungwe mkono na theluthi mbili ya wawakilishi wa eneo hilo katika bunge la jimbo na katika mabaraza ya halmashauri. Kura ya maoni ipite kwa theluthi mbili. Matokeo yakubaliwe na halmashauri zilizo nyingi jimboni. Kisha theluthi mbili ya bunge la jimbo. Bado hapo Bunge la Taifa litunge sheria. Lagos iliunda zake 37, na mwaka 2004 Mahakama ya Juu ikasema zimeundwa sawasawa lakini haziwezi kufanya kazi mpaka Bunge la Taifa litimize sehemu yake.

Ya pili: eneo likishatangazwa kuwa la mjini, mwenye mamlaka ni gavana. Cheti cha haki ya kimila kutoka halmashauri, kwa kiwanja kilicho ndani ya eneo la mjini, ni karatasi tu hata kama mhuri wake umeiva. Angalieni tangazo la gazeti la serikali, msimwulize dalali.

Mratibu wa kundi

Asanteni. Limebaki la jina na saini, kwa kuwa wote wawili hawapo Nigeria.

Jibu: mjumbe wa Ibadan

Sheria ya ardhi inasema gavana anashika ardhi kwa niaba ya Wanijeria wote, na mgeni anahitaji idhini ya serikali. Njia nyepesi ni jina la shemeji, au la watoto: aliyezaliwa na mzazi mmoja Mnijeria ni raia kwa kuzaliwa, hata akizaliwa London. Dada, kifungu cha 26 cha katiba kinamruhusu mke wa Mnijeria kuomba kuandikishwa uraia, lakini Mtanzania mtu mzima anayeuchukua anapoteza wa kwao. Mkenya hana tatizo hilo tangu katiba ya 2010. Usiuze pasipoti kwa kiwanja.

Cheti cha asili cha watoto hufuata mji wa baba, na kwa kawaida familia ya baba hutoa barua kwanza. Kinaweza kusomeka Ife East hata kama nyumba ya babu iko Modakeke. Msilipe mtu "kurekebisha".

Saini: shemeji amteue mtu kwa hati ya uwakala iliyosainiwa mbele ya mthibitishaji wa Uingereza. Kama mteule atasaini hati ya mauzo, uwakala wenyewe nao uandikwe kwa muundo wa hati rasmi, si barua. Ulipiwe ushuru wa stempu na usajiliwe Osogbo. Hati hiyo itaje shughuli moja tu na kiwanja kimoja tu. Na msikubali muuzaji awape nyinyi "uwakala usiofutika" badala ya hati ya mauzo, mtindo ulioenea sana ili kukwepa ada. Uwakala hauhamishi ardhi. Mahakama ya Juu ilishasema.

Baada ya hapo hati ya mauzo ipelekwe kwa idhini ya gavana chini ya kifungu cha 22 cha Sheria ya Matumizi ya Ardhi, kisha isajiliwe. Hata mwenye hati ya serikali ya awali akikuuzia, idhini hiyo bado inahitajika.

Jibu: mjumbe wa Osogbo

La mwisho kwa kile kiwanja cha pembezoni mwa Ife: kwenye picha naona mikakao. Kwa mila, miti ni ya aliyeipanda, na huenda si familia inayouza. Mtu ahesabu miti, amtafute mwenyewe, na malipo yake ya kuondoka yaandikwe kwenye hati tofauti aliyoisaini yeye, kabla jembe la kwanza halijaingia.