Marriott, Hilton au Hyatt: wapi unapandishwa chumba kweli na wapi unauziwa?

begi_mgongoni: Wadau, nataka nibaki na programu moja tu ya uanachama wa hoteli, Marriott Bonvoy, Hilton Honors au World of Hyatt. Memba wa daraja la juu tunaahidiwa chumba kizuri zaidi bure kama kipo, ila siku chache kabla ya safari inaingia imeili, ongeza hela upate chumba kikubwa. Sasa nyie mnaolala sana huko, mnapandishwa kweli?

Mzururaji: Hizo imeili haandiki mtu wa mapokezi, ni mfumo. Kampuni ya Nor1 ndo walikuwa na jina kwenye kazi hiyo, Oracle wakawanunua 2020. Mfumo unapiga hesabu vyumba gani vizuri vinaelekea kubaki unawatupia wageni bei, yaani kinauzwa kwanza, memba anangojea masalia. Kuna hoteli nimefika nikaambiwa vyenye sebule vimejaa, nikafungua simu palepale kaunta, kinauzwa usiku uleule! Namwonyesha dada ananiambia hicho cha kulipia tu. Iliniuma sana, daraja lenyewe nimelitafuta kwa kulala kwao mwaka mzima.

mama_pointi: Pole aisee. Kwa hilo mi naenda na Hyatt bila kujiuliza, wana tuzo za kupandishwa chumba unazopata kadiri unavyolala, kama chumba kipo unathibitishiwa tangu siku ya kubuki na tuzo moja inabeba hadi usiku 7. Marriott nao wanazo, unaweza kuzichagua ukifikisha usiku 50, lakini unaomba halafu unakaa roho juu mpaka siku chache kabla ya kufika na bado wanaweza kukunyima. Tatizo la Hyatt hoteli zao chache, miji mingi hawapo kabisa.

Kobe77: Hilton usiifuate kwa ajili ya vyumba, ifuate kwa chai ya asubuhi. Ukiwa na daraja lao la Gold tu, nje ya Marekani hoteli zao nyingi wanakupa, Marekani ndo wanakupa hela ya chakula badala yake.

begi_mgongoni: Asanteni, basi naelekea Hyatt. Na ile imeili ikija nilipie au niache?

mama_pointi: Kabla hujalipa ingia tovuti yao uone hicho chumba kinauzwaje siku hizohizo, wakati mwingine tofauti ni ndogo kuliko wanayokudai. Na soma vizuri, bei mara nyingi ni ya usiku mmoja, kodi bado.