Mpwa wangu kapewa 1 kati ya 5 kwa kujua maana ya Tongoni. Nani kawapa ruhusa ya kututungia majina yetu?

Wakuu, salaam. Mods, uzi huu naomba msiuhamishie kwenye vichekesho, maana kuna sehemu utacheka. Mimi sijacheka. Nina hasira tangu jana alasiri na hata chai ya usiku sikunywa. Jiandaeni kwa povu.

Mpwa wangu yuko darasa la sita, shule siitaji, iko hapa hapa Tanga mjini. Wiki iliyopita walipewa kazi ya nyumbani: chagua majina matano ya sehemu za mkoani kwetu, eleza maana yake na asili yake. Nilipoiona nikamsifu mwalimu. Siku zote tunalia watoto wanakaririshwa mito ya Ulaya huku hawajui Sigi inaingilia wapi baharini. Dogo hakugusa simu ya mtu. Alichukua daftari akaenda kukaa mkekani na mama yangu, ambaye kazaliwa Tongoni, kakulia Tongoni, na ubishi wote alio nao kaupata Tongoni. Walikaa mpaka taa zikawashwa.

Jana daftari limerudi. Moja kati ya tano. Kalamu nyekundu imekandamizwa mpaka ukiligeuza karatasi unapapasa alama za mkasi kwa kidole upande wa pili. Chini kabisa kumeandikwa: "Usiulize watu wa mtaani. Tumia vyanzo." Watu wa mtaani ndio mama yangu huyo.

Naanza na Tongoni kwa sababu ndiyo iliyonitoa roho. Dogo kaandika hivi, nanukuu daftari lake: "Tongo ni mahali palipokuwa na watu wakahama, zikabaki nyumba mbovu. Tongoni ni kwenye tongo." Kakatwa. Jibu "sahihi" lililoandikwa juu yake kwa wino mwekundu: Tongoni limetokana na matongo ya macho, kwa kuwa wenyeji wa zamani walikuwa wanaugua macho, na jina hilo walilitoa Waajemi waliojenga mji.

Matongo. Ya macho. Jamani.

Hebu tukae chini tufikiri kama watu wazima. Ni kweli tongo la jicho lipo, kila mtu huamka nalo. Lakini tongo la mahame nalo lipo, fungueni kamusi mtalikuta, ni ndugu moja na hame na ganjo. Sasa nenda Tongoni yenyewe, kama kilomita 20 hivi kwa barabara ya Pangani, ukunje upande wa baharini. Unakuta nini? Msikiti wa mawe uliobaki kuta, mihrabu, na makaburi yapatayo 40, mengine yana nguzo, mengi ya karne ya 14 na 15. Hakuna sehemu nyingine kwenye pwani yote ya Afrika Mashariki yenye makaburi ya nguzo mengi mahali pamoja kama pale. Mtu akifika akaona gofu lile, atapaitaje? Huhitaji Mwajemi wala daktari wa macho.

Na hapa ndipo pa kushika, wanaopenda vyanzo wanisikilize vizuri: jina Tongoni haliwezi kuwa la waliojenga. Nani huchoma chokaa, akachonga matumbawe, akasimamisha msikiti, kisha akauita mji wake Mahameni? Jina hilo limetolewa na waliokuja baada ya mji kufa. Mji ulipokuwa hai uliitwa Mtang'ata. Kwenye kumbukumbu za safari ya Vasco da Gama jina hilo limo, Mreno kalivuruga kidogo likawa Tamugata, lakini ni lenyewe. Mwaka 1498 wakielekea kaskazini meli yao São Rafael ilipanda mwamba maeneo hayo. Wakati wa kurudi, Januari 1499, mabaharia walikuwa wamekufa wengi mno kwa maradhi, hawakubaki watu wa kuendesha meli tatu. Wakahamisha mizigo, wakaitia moto São Rafael hapo hapo. Na siku walizokaa, watu wa Mtang'ata waliwaletea kuku, wakapewa mashati na bangili. Mama husema biashara ya kuku kwetu haijaanza leo, na kwa hili nampa alama zote.

Wareno wakaipa ile miamba jina la São Rafael. Milima inayoonekana kule nyuma nayo wakaiita São Rafael. Nioneshe leo mtu mmoja, mmoja tu, Muheza au Lushoto, anayeiita milima ile São Rafael. Wenyewe Wasambaa wanasema Shambalai, ramani za Wazungu waliofuata zikaandika Usambara, na hilo la Mreno likafa na majivu ya meli yake.

Mtang'ata halikufa hivyo. Mji umeanguka, jina limehamia mdomoni. Lahaja ya vijiji vile vya pwani mpaka kuelekea Pangani inaitwa Kimtang'ata hadi leo, na kilishaandikiwa kitabu tangu 1956. Mama yangu anakizungumza akikasirika. Jana kakizungumza sana.

Kuna na jina la tatu, ambalo mwalimu hakulisikia. Karne ya 18 walikuja watu wa kutoka Kilwa wakakaa pale kwenye magofu, wakapaita Sitahabu. Kustahabu ni kupendelea, yaani hapa kwangu bora kuliko nilikotoka. Niambieni kama kuna jina tamu kuliko hilo. Mhamiaji kashuka na mizigo yake kwenye mji wa makaburi, na bado kasema hapa ndipo. Mahali pamoja, majina matatu: la mji, la walowezi wa Kilwa, na la gofu. Hilo la gofu ndilo lililoshinda. Mtoto wa darasa la sita angepewa hadithi hiyo angeikumbuka mpaka anazeeka. Kapewa matongo.

Nikampigia mwalimu simu. Kwa adabu kabisa, nikaanza na habari za kazi mwalimu, poleni na majukumu. Akanijibu vizuri, siwezi kumsingizia. Nikauliza haya majibu yametoka wapi. Akasema kuna kijarida kilichapishwa kutoka intaneti, kurasa nne, wamegawana walimu wote. Nikauliza nani kaandika. Kimya. Kisha: "Lakini kaka, Tongoni si inajulikana ni ya Washirazi?" Nikamwambia mwalimu wangu, zile nguzo za makaburi zilipambwa kwa bakuli za China, leo zimeng'olewa yamebaki matundu ya duara. Mbona kijarida hakisemi waliozikwa ni Wachina?

Sikatai kuwa Waajemi walifika. Nasema hivi mapema ili asije mtu hapa akanichomekea maneno. Utafiti wa vinasaba uliotoka 2023, wa mifupa ya watu waliozikwa miji ya zamani kama Manda, Mtwapa, Kilwa na Songo Mnara, umeonesha mchanganyiko unaoanzia kama miaka 1000 iliyopita: upande wa kiume Uajemi imo sana, upande wa kike karibu wote ni Waafrika wa hapa hapa. Kwa hiyo babu wa Kishirazi wanaomtaja wazee yupo. Lakini bibi yupo pia, na aliyemfundisha mtoto kuzungumza ni yeye. Ndiyo maana mji uliitwa Mtang'ata, ukaja kuitwa Tongoni, kwa Kiswahili. Hata hao wa Kilwa waliosema Sitahabu, neno lina asili ya Kiarabu ila limesemwa kwa ulimi wa Kiswahili.

Haya, mengine nayapitia haraka, maana nikiyakalia nitavunja simu.

Tanga: dogo kaandika tanga la chombo. Kakatwa, kaandikiwa ni neno la Kiajemi lenye maana ya bonde la kijani. Hili wapo wanaolisema, najua, na ubishi wake ni wa zamani. Basi mpe mtoto nusu! Mji wa ghuba, vyombo vinaingia na kutoka, halafu anayesema tanga ni tanga anapata sifuri?

Mikanjuni: hapa nilicheka cha uchungu. Mama alimwambia mkanju ni mkorosho, na kwamba mti wenyewe ulikuja na Wareno. Dogo kaandika yote. Mkasi, na pembeni: "Korosho asili yake Mtwara!" Mwalimu, korosho asili yake Brazil. Mreno ndiye aliyeuleta mti huu pwani yetu, na jina kanju ni lake, kwao ni caju. Maana yake mtaa wetu hauwezi kuwa uliitwa Mikanjuni kabla Mreno hajafika. Jina moja la mtaa lina safari ya kuvuka bahari mbili ndani yake, nawe umelikata kwa sababu umeona korosho kwenye taarifa ya habari ya Mtwara.

Toten, kile kisiwa mbele ya mji. Jibu la mwalimu: jina la mzee aliyekuwa akiishi pale. Mzee Toten! Jamani, hilo ni neno la Kijerumani, la wafu. Kisiwa kina magofu ya misikiti na makaburi, watu wa mji walikaa huko kabla ya kuhamia bara. Mjerumani kaja kakuta makaburi, kakiita kisiwa cha wafu, basi. Kafanya kile kile kilichofanyika Tongoni, ila kwa lugha yake.

Alichopata ni Bondei, watu wa bondeni, wameitwa hivyo na walio juu milimani. Hiyo alama moja namshukuru mwalimu.

Najua mtakaokuja kusema ni alama tano tu, achana nayo. Tanga tumezoea kuimbiwa waja leo waondoka leo. Sawa, atakayekuja na aje, akiondoka aondoke salama. Ila asituachie kijarida. Na nyie vijana wa humu mnaotunga asili za majina mkiwa mmelala kitandani, mkiona neno linafanana na neno mnaunganisha, mjue kuna mwalimu ananakili na kuna mtoto anakatwa.

Kilichonifanya nifungue uzi ni masahihisho. Dogo ametakiwa kuandika majibu "sahihi" mara tano kila moja, yakabidhiwe Jumatatu. Jana usiku nimemkuta na kalamu, ameandika "Tongoni ni matongo" mara moja, amesimama. Ananiuliza, "Mjomba, bibi akisoma hii si atalia?"

Mama hakulia. Alivaa miwani, akasoma ukurasa wote pamoja na ile ya watu wa mtaani, akalifunga daftari akaliweka chini ya mto wake. Asubuhi hii ameniambia nimtafutie bajaji ya Jumatatu saa moja kamili, na nisichukue ya yule kijana anayechelewa.