MREJESHO: Passo, Vitz au IST? Nimechukua IST

Wakuu, nimerudi. Niliuliza hapa, kati ya hizi Toyota ndogo tatu, gari gani lisilosumbua kwa mizunguko ya Kigoma mjini na Kasulu kila wiki. Asanteni wote, hata mlionicheka kwa bajeti yangu.

Nimechukua IST ya 2004, injini ya 1NZ, ile inayotumia cheni ya taimingi badala ya mkanda. Passo ya silinda tatu niliipenda kwa mafuta, ila tulipanda wanne na gunia la mihogo, kilima kidogo tu ikaanza kuhema. Vitz, mwenye nayo alipandisha bei dakika za mwisho.

Ushauri wenu wa kuwasha injini asubuhi ikiwa bado baridi, kabla ya kununua, ndio ulioniokoa. IST ya kwanza ilitoa moshi wa bluu, dalili ya injini kula oili, nikaaga. Ya pili ikawaka safi.

Nilipokosea: mlisema nimpeleke fundi aingie uvunguni, mimi nikabaki nashangaa rangi. Wiki ya tatu mbele kukaanza ko-ko-ko kwenye kila shimo. Shokapu na bushi zimekwisha, laki mbili na nusu imeondoka. Injini haijanisumbua. AC bado haipoozi, kwa sasa tunashusha vioo.