Mada: Mtihani wa uraia, na swali la nani ana mamlaka gani

Wazee wangu, shikamooni, na wengine nyote salaam.

Mimi na mke wangu tunajiandaa kuomba uraia wa Marekani. Majibu tumeyakariri, lakini kuna jambo linalotutatiza. Nilipokwenda kuhuisha leseni ya udereva niliulizwa kama ningependa kuandikishwa kuwa mpiga kura, nikakataa kwa tahadhari tu. Kisha rafiki anayeishi Takoma Park, Maryland, akanieleza kwamba yeye hupiga kura huko akiwa na kadi ya kijani tu (yaani mkaazi wa kudumu asiye raia) na havunji sheria yoyote. Inawezekanaje? Tena, mama mkwe wangu ana miaka 68, na ni mkaazi wa kudumu tangu mwaka 2003, ila Kiingereza chake ni kidogo. Je, naye atafanya mtihani huu huu?

---

Marahaba, mdogo wangu.

Rafiki yako anasema kweli, na wewe ulifanya vema kukataa. Yote mawili yanatokana na msingi mmoja, nao ni wa shirikisho, yaani madaraka kugawanywa kati ya serikali kuu na majimbo. Sisi tuliotoka Tanzania tumezoea leseni itolewe na Mamlaka ya Mapato kwa Tanzania Bara nzima, na polisi wote wawe chini ya Inspekta Jenerali mmoja. Hata Kenya, pamoja na kaunti zake 47, polisi ni wa taifa. Hapa Marekani, serikali ya shirikisho ina yale madaraka tu iliyopewa na Katiba iliyoandikwa Philadelphia mwaka 1787, kama vile kutangaza vita, kutengeneza fedha na, linalotuhusu zaidi, kuweka kanuni moja ya kupata uraia. Yale ambayo haikupewa, na ambayo majimbo hayakukatazwa, yamebaki kwa majimbo au kwa wananchi wenyewe, kama yasemavyo Marekebisho ya 10 ya Katiba, ya mwaka 1791. Ndiyo sababu shule, leseni na polisi wa mtaani ni mambo ya jimbo, na ndiyo sababu gavana, hata akupende vipi, hawezi kukupa uraia.

Sasa, Maryland huiachia miji yake iamue nani apige kura katika uchaguzi wa mji, basi rafiki yako humchagua meya na madiwani, na mipaka yake ni hapo. Akimpigia kura Rais au mbunge wa Kongresi, atakuwa amevunja sheria ya shirikisho ya mwaka 1996. Tatizo ni kwamba sheria nyingine ya shirikisho, ya mwaka 1993, inazitaka ofisi za leseni katika majimbo mengi ziwape waombaji nafasi ya kujiandikisha kupiga kura, na karani aliye dirishani hatakusomea masharti. (Kwa maoni yangu, huo ni mtego ambao Kongresi ingeweza kuuondoa kwa urahisi.) Fomu ya kuomba uraia itakuuliza kama umewahi kujiandikisha au kupiga kura, na kudai kwa uongo kwamba wewe ni raia kunaweza kumfanya mtu afukuzwe nchini. Aliyekwisha kutia saini bila kuelewa amwone mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kutuma fomu.

Mama mkwe wako ana nafuu. Aliyefikisha miaka 65, na ambaye amekuwa mkaazi wa kudumu kwa miaka 20, huulizwa maswali 10 kutoka orodha fupi ya maswali 20, akipata 6 amefaulu, tena kwa lugha yake kupitia mkalimani. Ninyi wawili mtaulizwa hadi maswali 20 kutoka orodha ya 128, na mnatakiwa kupata 12. Vitabu vya maswali 100 vinawahusu walioomba kabla ya tarehe 20 Oktoba 2025.

---

Naomba kuongeza kidogo kwa kaka mkubwa, upande wa mihimili mitatu, kwa kuwa wengi huikariri bila kujua inawagusa wapi.

Jaji wa uhamiaji hayumo katika mhimili wa Mahakama. Yeye ni mtumishi wa Wizara ya Sheria, yaani yuko upande wa Rais, tofauti na majaji wa shirikisho ambao huthibitishwa na Seneti na hukaa madarakani maadamu wana mwenendo mwema. Aidha, haki ya kupewa wakili, iliyomo katika Marekebisho ya 6, ni ya kesi za jinai. Kesi ya kuondolewa nchini si ya jinai, kwa hiyo wakili utamlipa mwenyewe. Hata hivyo, Marekebisho ya 5 humlinda kila mtu, awe raia au mgeni, asinyimwe uhuru wake bila kufuata utaratibu wa haki. Bodi ya Rufaa za Uhamiaji, ambayo nayo iko chini ya wizara hiyo hiyo, ikikataa rufaa yako, unaweza kuipeleka kwa majaji wa mhimili wa Mahakama, katika mahakama ya rufaa ya shirikisho, na muda wa kufanya hivyo ni siku 30 tu.