Mrejesho: Shahada ya sheria, kazi nje ya mahakama

Habari wakuu. Niliuliza mhitimu wa sheria afanye nini akikosa nafasi kwenye ofisi za mawakili. Asanteni sana kwa majibu. Aliyenielekeza kwenye idara za manunuzi na mikataba kanisaidia kuliko wote: sasa napitia mikataba ya wazabuni, hasa vifungu vya fidia, ukomo wa dhima (kiwango cha juu ambacho upande mmoja unaweza kudaiwa) na kuvunja mkataba. Kilichonibeba ni uchambuzi wa mkataba wa mfano nilioandika mwenyewe, nikauambatanisha na wasifu. Nilipokuwa natuma vyeti pekee sikujibiwa. Ushauri wa kuomba kazi benki, upande wa kudhibiti utakatishaji fedha, bado haujazaa matunda, wanataka uzoefu. Usuluhishi naupenda mno, nitausomea jioni. Mkuu uliyenihariria wasifu, Mungu akubariki.