Naombeni ushauri: sindano ya baridi yabisi inanivimbisha ngozi

Habari zenu wakuu. Nina baridi yabisi, ile ya kinga ya mwili kushambulia viungo, na najidunga mwenyewe adalimumabu, dawa ya kutuliza hiyo kinga, kila baada ya wiki mbili. Vidole vimeacha kukakamaa, vifungo vya shati nafunga bila kuomba msaada, kwa hiyo dawa sitaki kuiacha.

Shida ni ngozi. Kesho yake pale nilipodunga panavimba, panakuwa pa moto na panawasha hadi usingizi unakatika. Kwa sisi weusi ule wekundu hauonekani vizuri. Naona duara jeusi, gumu, na nikiwaonyesha watu wananiambia "mbona hamna kitu". Siku kadhaa baadaye panatulia, doa linabaki.

Nesi alishanielekeza: niitoe kwenye friji nusu saa kabla, nisiipashe kwa maji ya moto, spiriti ikauke kwanza, nibadilishane paja na tumbo, nikwepe kitovu, nisisugue. Nafuata yote. Barafu kwenye kitambaa inasaidia kidogo. Na najua nikitokwa na vipele mwili mzima, uso ukivimba au pumzi ikibana, hapo ni hospitali mara moja.

Mliopitia haya, hali ilipungua kadiri mlivyoendelea? Kuna aliyeruhusiwa na daktari kumeza setirizini, ile dawa ya mzio, kabla ya kudunga? Na aliyehamia aina ya sindano hii isiyo na sitreti (kiambato kinachoweza kuchoma unapodunga), maumivu yalipungua kweli? Kliniki yangu ni mwezi ujao, nataka niende na maswali ya maana. Habari za mwarobaini shangazi ameshanimalizia.